Msumari wa Kwanza Baada ya Dunia

Malaba, 4 Machi 2025

Mdogo wangu Oduori,

Leo ni miaka ishirini na saba na miezi mitatu kamili tangu nilipotoka Budalang'i nikiwa juu ya trekta, na mlango wa nyumba yangu mapajani. Mlango tu. Nyumba yenyewe ilikwenda na mafuriko ya mto Nzoia. Naihesabu kwa tarehe kwa sababu siwapendi watu wanaosema "miaka mingi" ilhali kalenda ipo ukutani.

Barua yako Edinah mchuuzi ameileta ndani ya kapu la omena wake, wale dagaa wa kila Jumanne. Nimeianika kwenye kamba kwa saa mbili ndipo nikaweza kuisoma, na paka wa mama mwenye nyumba bado anaitazama. Hata hivyo ni afadhali kuliko simu. Kwa simu mimi na wewe hugombana kwa pamoja; kwa barua tunagombana kwa zamu.

Unauliza jambo moja: nitakuja lini kusimamisha nyumba yangu, ili nawe usimamishe yako? Najua. Kwetu mdogo hachimbi shimo la nguzo kabla ya kaka yake. Najua pia kwamba umestaafu kazi yako ya hospitali kule Nangina tangu Desemba, na kwamba wewe na shemeji Teresa mnalala katika kibanda cha mabati sita kwenye boma la baba, mkinisubiri mimi. Nitakujibu mwishoni mwa barua hii.

Kwanza habari za huku. Sistimu imeanguka. Tangu Ijumaa. Malori yamesimama barabarani hadi mtu haoni la mwisho, madereva wanafua nguo na kupika ugali chini ya matrela, na kila dirisha unaloliendea unajibiwa, "Sistimu iko chini, mzee, rudi kesho." Hakuna anayejua itasimama lini. Wengine wanasema haitasimama.

Mambo haya yamenikuta nikisoma kitabu kisicho na jalada, nilichokiokoa kwa muuza njugu sokoni kabla hajakimaliza kwa kufungia njugu. Kinauliza hivi: dunia nzima ikianguka, wachache watakaobaki wataweza kuvitengeneza upya vitu vya leo? Chuma, kioo, umeme, simu? Mwandishi anasema inawezekana, kama kuna mtu aliyeandika namna ya kuanza. Kwa hiyo nimenunua daftari, nami naandika. Nimefika ukurasa wa arobaini, kwenye chokaa.

Karatasi imekwisha. Msalimie Teresa.

Kaka yako,
Okwara


Budalang'i, 10 Machi 2025

Kaka Okwara,

Barua yako niliisoma Jumatano saa nne asubuhi. Kufikia saa sita nilikuwa nimenunua kilo ishirini za chumvi, katoni mbili za viberiti na jembe ambalo sikulihitaji. Kufikia saa saba nilikuwa nimemwambia Paulinus, katekista wetu, kwamba kaka yangu aliye mpakani, mtu asiyeongeza chumvi katika maneno, ameandika kwa mkono wake kwamba sistimu imeanguka na wengine wanasema haitasimama.

Paulinus alipiga kengele ya kanisa. Watu wakaacha mashamba. Mama mmoja alivusha mbuzi wake wote tisa hadi juu ya tuta la kuzuia mto. Naibu wa chifu alikuja kwa bodaboda, akashuka, akauliza serikali imeangukia wapi, maana yeye ametoka kuzungumza nayo sasa hivi.

Nikamwonyesha barua. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Mzee, hii ni kompyuta."

Kaka, mimi nimefanya kazi hospitali miaka thelathini na moja. Pale mtu akisema kitu kimeanguka, unakimbia. Ningejuaje? Sasa kijijini jina langu ni Sistimu. Watoto wakinikuta njiani wananiuliza, "Sistimu, leo uko juu ama uko chini?"

Karatasi yako iliisha kabla ya jibu. Safari hii jibu uliweke juu, chini ya tarehe. Mvua imeanza. Teresa anasema, "Mwambie kaka yako mimi si kuku. Siwezi kulala chini ya bati nikipokea mvua kwa mgongo." Kama huji kujenga, andika kwa mkono wako kwamba hurudi, nami nitawapelekea wazee waniruhusu kutangulia. Simu hawaitaki. Wanasema simu inaweza kusema lolote, lakini mkono wa Okwara wanaujua, ndio ulioandika daftari la kamati ya tuta.

Chumvi ninayo. Ukihitaji, sema.

Oduori


Malaba, 18 Machi 2025

Mdogo wangu Oduori,

Nimecheka hadi mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama nimepata kifafa. Nilipomsomea habari ya mbuzi tisa juu ya tuta, akakaa chini kwenye ngazi naye akacheka. Samahani. Sistimu ni kompyuta za mizigo. Radi ilipiga mnara. Ilisimama Jumanne ile ile saa tisa alasiri, Edinah akiwa ameshaondoka na barua, na madereva wakashangilia kama wamefunga bao.

Lakini fikiria ulichofanya. Uliposikia kila kitu kimekwisha, ulinunua chumvi, viberiti na jembe. Hukununua simu. Yaani mwili wako ulijua pa kuanzia kabla ya kichwa chako. Nimekuandika katika daftari, ukurasa wa arobaini na nne, bila kutaja jina.

Nimepiga hesabu. Tukianza na mikono mitupu, bila mgonjwa wala mvivu, sabuni tutaipata wiki ya kwanza, chokaa mwezi wa kwanza, kioo cha kuonea mwaka wa sita. Umeme wa kuwasha taa moja, mwaka wa thelathini. Simu, mwaka wa mia na arobaini. Mimi sitakuwepo kuipokea, lakini daftari litakuwepo.

Kuhusu swali lako, jibu nililiweka juu kama ulivyotaka, kisha nikaona halikai vizuri pale, nikaanza karatasi nyingine. Ndiyo hii.

Okwara


Budalang'i, 24 Machi 2025

Kaka,

Wewe unapanga kwenda kwenye simu. Mimi ningeanza na maji ya kuchemsha. Miaka thelathini na moja nimechemsha vyombo vya daktari. Dunia ikianguka, usinitafutie taa mwaka wa thelathini. Nitafutie sufuria na kuni siku hiyo hiyo, na mtu wa kumkumbusha mkunga anawe mikono. Daftari lako limeandika hilo ukurasa gani?

Halafu nina jambo. Babu yetu mzaa mama, kule vilima vya Samia, alikuwa anayeyusha mawe na kufua majembe. Hakuwa na daftari. Mama alikuwa akisema alijua joto la tanuru kwa kutema mate. Leo wajukuu zake, mimi na wewe, tunanunua misumari kwa kilo. Unataka kutengeneza simu, kaka? Tengeneza msumari mmoja.

Edinah amekubebea gunia dogo. Ni mawe ya kilima kile kile, mekundu na meusi, nilikwenda kuyaokota mwenyewe. Juzi akinisaidia kulileta nyumbani, kule steji ya Bumala utingo alilinyanyua akaliachia, akamwambia, "Mama, hii omena yako imemeza mawe?" Naye akamjibu, "Hiyo ni omena ya mzee, inaliwa na kitabu."

Masharti ni haya. Ukipata msumari kutoka kwenye mawe hayo, njoo nao nyumbani uupigilie kwenye nguzo yako ya kwanza, nami nitajenga baada yako. Ukishindwa, andika kwa mkono kwamba hurudi. Tuamue kwa chuma, maana kwa maneno wewe ni mtelezi kama kambare.

Oduori, anayeitwa Sistimu


Malaba, 6 Mei 2025

Mdogo wangu,

Masharti nayakubali. Sikuweza kuyakataa mbele ya Edinah.

Ripoti ya tanuru la kwanza. Nililijenga nyuma ya nyumba kwa udongo wa bondeni, kimo cha kifua, kama kitabu kinavyoelekeza. Upepo niliupeleka kwa tyubu ya gurudumu la lori, ambayo fundi wa kuchomelea aitwaye Etyang alinikatia bila malipo kwa sababu alitaka kuona. Makaa, magunia mawili. Tulianza saa moja asubuhi. Saa nne tanuru lilipasuka mbele. Saa nne na dakika kumi lilipasuka nyuma. Tyubu iliyeyuka, na moshi wake mweusi ukatua juu ya nguo zilizoanikwa, za wapangaji wote, zikiwemo shuka za mama mwenye nyumba, ambaye jina lake ni Apolot.

Kilichotoka ndani kilikuwa kama kioo cheusi chenye mapovu. Kitabu kina jina la heshima la kitu hicho. Etyang alikigeuza kwa mguu akasema, "Mzee, haya ni mavi ya chuma. Chuma chenyewe kimekataa kutoka."

Jambo la kuhuzunisha zaidi ni hili. Nilipofika mahali kitabu kinapoeleza namna ya kulichukua bonge la moto na kulifanya chuma, sentensi inasema "kisha ulichukue likiwa jekundu na" halafu basi. Kurasa nne hazipo. Nilirudi kwa muuza njugu. Alikumbuka vizuri. Alisema, "Mzee, hizo nilifungia watu wa basi la Kampala." Kwa hiyo siri ya chuma imevuka mpaka ikiwa na chumvi na njugu, na sasa iko kwenye mtaro wa barabara Uganda. Hivyo ndivyo dunia inavyoanguka, Oduori. Haihitaji radi.

Shuka nimezifua mwenyewe. Mara tatu.

Okwara


Budalang'i, 12 Mei 2025

Kaka,

Teresa amekwenda kwao Funyula. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniogopesha. Alikunja blanketi lake, akaniambia, "Nitarudi nikiona paa lenye kilele. Hili la kulala kifudifudi nimelichoka." Amechukua nusu ya chumvi.

Mimi niko hapa na mabati sita. Sikuandikii zaidi leo, karatasi imelowa.

Swali moja tu: tangu lini wewe unafua shuka za mama mwenye nyumba mara tatu?

Oduori


Malaba, 1 Julai 2025

Mdogo wangu Oduori,

Habari ya Teresa imenichoma. Nimeiweka barua yako ndani ya daftari, ukurasa wa mwisho, ili nisifike huko bila kuisoma tena.

Tanuru la pili limejengwa. Apolot alipoona udongo wangu alicheka. Alisema, "Mwalimu wa dunia nzima, hujui udongo? Huu ni wa kufinyangia chungu cha maji. Moto unataka wa kichuguu." Tukaenda shambani kwa kaka yake tukavunja kichuguu kimoja. Apolot alikanyaga udongo kwa miguu akichanganya na nyasi zilizokatwa, mimi nikamwaga maji. Mivuo ya kupulizia moto nayo tuliitengeneza kwa ngozi mbili za mbuzi, maana Apolot alimwona bibi yake akiitumia alipokuwa mtoto, akakumbuka kwamba mikono hupishana: mmoja unapanda, mwingine unashuka, na upepo haukatiki. Kitabu kiliandika kurasa mbili juu ya jambo hilo nami sikuelewa. Apolot alinishika viganja akanionyesha kwa nusu dakika.

Tulivuta upepo kwa zamu: Etyang, wapangaji wawili, dereva mmoja aliyekuwa akisubiri karatasi zake, mimi na Apolot. Apolot alituletea uji. Saa tisa alasiri tulibomoa mdomo wa tanuru na kutoa kitu.

Kitu hicho bado kinachunguzwa. Mambo ya kisayansi hayataki haraka.

Mvua imepungua huku. Natumaini na huko pia.

Okwara


Budalang'i, 8 Septemba 2025

Kaka Okwara,

Miezi miwili kimya. Nilidhani umeungua. Jumatano nilimuuliza Edinah, "Kaka yangu mzima?" Akasema, "Mzima kabisa, amenenepa." Nikauliza, "Na ule uchunguzi?" Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mwenye homa. Akasema, "Uchunguzi gani? Msumari si ulitoka Julai? Iko miwili. Mtaa mzima umeishika. Kuna mtu alitaka kulipa ili apige nayo picha."

Niliketi juu ya gunia la chumvi.

Kisha akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba ule mlango wako, uliotoka nao hapa mwaka wa tisini na saba, ambao umeegemea ukuta wa chumba chako cha kupanga muda wote huu, sasa umefungwa kwenye nyumba ya mama Apolot. Mlango wa mbele.

Nimeirudia barua yako ya Julai. Umemtaja Apolot mara sita. Chuma umekitaja mara sifuri.

Kaka, mimi si mtoto. Ulifanikiwa, ukaficha. Katika dunia nzima, mtu akishindwa huficha. Wewe umeshinda ukaficha. Mimi nililala kwenye maji masika yote nikisema moyoni, "Tumpe muda, anayeyusha mawe ya babu." Teresa yuko kwao mwezi wa nne sasa. Wazee wanakutana tarehe ishirini na sita, na baada ya hapo hawakutani hadi baada ya Krismasi. Njoo, au andika. Usiniandikie kuhusu kioo.

Oduori


Malaba, 16 Septemba 2025

Mdogo wangu Oduori,

Miaka ishirini na saba, miezi tisa na siku kumi na mbili. Barua hii nimeianza na jibu mara nne na mara nne nikaona nakunyima sababu, kwa hiyo vumilia ukurasa mmoja. Hakuna kioo ndani yake.

Kilichotoka tanuruni kilikuwa bonge la ukubwa wa ngumi. Kurasa zilizofungia njugu hatukuzihitaji. Etyang alilishika kwa koleo likiwa jekundu, akaligonga taratibu, uchafu ukawa unamwagika kama makombo. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema, "Hakuna, mzee. Linaniambia lenyewe. Nikigonga sana linalia." Tulianza na ngumi, tukabaki na misumari miwili. Mmoja una urefu wa kidole cha kati, wa pili ni mfupi kidogo na shingo imepinda.

Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikakumbuka masharti.

Nilikuwa na hakika nitashindwa, Oduori. Ndiyo maana niliyakubali. Ningeshindwa kwa heshima, ningekuandikia kwamba chuma kimekataa, na lawama ingekuwa ya mawe. Sasa mawe yalikuwa yamefanya kazi yao, ikabaki zamu yangu, nami ni mwoga. Mimi niliyeandika kurasa mia mbili na kumi za namna watu watakavyoanza upya, nauogopa mto mmoja. Mvua ikianza, hata hapa kwenye lami, mkono wangu hutafuta mlango wa kushika. Apolot aliuona mkono huo. Alisema, "Mzee, umeubeba huo mlango vya kutosha. Mlango unataka nyumba, na mimi nina nyumba yenye mlango mbovu." Yeye husema mambo hivyo, kama anaomba kuazima kikaango. Nikaleta nyundo. Ule msumari mfupi uko pale, kwenye bawaba ya juu. Shemeji yako anakusalimu. Anasema ukija, usilete chumvi.

Nimekuibia masika mazima, na Teresa nimemwibia zaidi. Hilo silipunguzi kwa maneno.

Kitabu kiliuliza, nawe ukadhihaki, kama dunia inaweza kutengenezwa tena. Nina takwimu sasa: misumari miwili, watu sita, mbuzi wawili, kichuguu kimoja, magunia matano ya makaa, miezi mitatu. Inaweza. Nilikosea jambo moja tu. Nilidhani atakayeijenga ni yule atakayeokoka na daftari. Kumbe ni yule aliyebaki karibu na mahali pake hata akajua kichuguu kiko wapi, na maji yanafika wapi yakija. Kwa Budalang'i mtu huyo ni wewe. Daftari nakutumia. Ukurasa wa kwanza nimeuchana nikauandika upya: unasema "Maji ya kuchemsha", na safari hii jina lako lipo.

Katika kitambaa, ndani ya kapu la Edinah, umo msumari ule mrefu. Umetoka kwenye kilima cha babu, kwa mikono yangu, na mikono yangu ndiyo ya kaka mkubwa. Siku wazee wakikuruhusu, upigilie huo kabla ya mwingine wowote, kwenye nguzo ya kwanza, na useme kwa sauti kwamba Okwara ametangulia. Hapo hakuna mila iliyovunjwa. Inayobaki inunue kwa kilo dukani na usiwe mjinga. Kisha nenda Funyula ukamwambie Teresa kilele cha paa kinaanza.

Haya yafuatayo wasomee tarehe ishirini na sita, wazee wote wakiwepo, polepole, uwaonyeshe na mwandiko:

Mimi Okwara, niliyekuwa mwandishi wa kamati ya tuta, ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa na akili timamu, bila kulazimishwa na mtu wala na mto. Oduori ajenge. Mimi sitarudi.

Okwara